Shule ikiburuta mkia, kabla ya kuweka kambi tazama kwanza kipindi cha kawaida

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mazungumzo hufuata mkondo uleule. Magrupu ya WhatsApp ya wazazi, kuanzia Uyole hadi Makambako, yanajaa picha za majedwali ya shule. Shule ya kijiji fulani imeburuta mkia tena. Wa kulaumiwa wanajulikana hata kabla hawajatajwa: walimu hawajitumi, wazazi hawafuatilii, watoto wa siku hizi wamezidi kucheza. Dawa nazo zinajulikana: kambi ya kitaaluma, yaani watoto kukaa shuleni wakijiandaa na mtihani, masomo ya ziada hadi jua lizame, mitihani ya ujirani mwema na shule za jirani kila mwezi. Wazazi wanachanga mahindi na maharage, walimu wanashinda shuleni hadi Jumamosi, na mwaka unaofuata shule iko palepale, au imepanda kidogo kisha ikashuka tena.

Katika mazungumzo yote hayo kuna kitu kimoja ambacho ni nadra kukisikia kikitajwa, nacho ni kipindi cha kawaida. Dakika 40 za Hisabati za Jumanne asubuhi: ubao, chaki, mwalimu mmoja na watoto sitini. Shule iliyo nyuma huinuka au hubaki chini kwa sababu ya dakika hizo, na mengi tunayoyakimbilia nje ya dakika hizo hayafui dafu peke yake.

Tuelewane kwanza juu ya maneno, maana ubishi mwingi unatokana na watu wawili kutumia neno moja kwa maana mbili.

Ufaulu wa shule ni asilimia ya watahiniwa waliopata wastani wa daraja A, B au C. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla alama 300. Anayefikisha alama 121 amepata C na anahesabiwa amefaulu. Maana yake mtoto anaweza kufaulu huku amekosa zaidi ya nusu ya alama zote. Sisemi hivyo ili kumdharau aliyepata C. Nasema ili tuone kwamba ufaulu na kujifunza ni vitu viwili. Kujifunza ni kile ambacho mtoto anakiweza leo na mwezi uliopita hakukiweza, na ambacho atakiweza hata swali likigeuzwa sura.

Somo la kawaida, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ufundishaji ambao kila mtoto wa darasa anaupata, kwa ratiba ya shule, kutoka kwa mwalimu wake. Ziada ni chochote kinachoongezwa juu yake: kambi, masomo ya jioni, tuisheni, darasa la kuwasaidia wasiojua kusoma. Ziada ina nafasi yake. Tatizo ni pale inapobebeshwa kazi ambayo somo la kawaida lilishindwa kuifanya.

Walimu wa Marekani wana mchoro wa piramidi wanaoutumia kupima jambo hili. Chini kabisa, sehemu pana, ni somo la kawaida, ambalo linatarajiwa kuwatosha watoto kama 80 kati ya 100. Juu yake kuna msaada wa vikundi vidogo kwa watoto kama 15, na kileleni msaada wa mtoto mmoja mmoja kwa wale watano waliobaki. Namba hizo ni makadirio ya kazi tu, lakini zinatupa swali zuri. Katika darasa la nne la watoto 60, kama watoto 8 hawajui kutoa, hao wanane wanahitaji msaada wa pembeni. Kama watoto 45 hawajui kutoa, huna wagonjwa 45. Una somo ambalo halikufundishika, na hakuna mwalimu duniani atakayewakalisha watoto 45 jioni, mmoja baada ya mwingine, akawarudishia walichokosa kwa miaka minne.

Wakulima wenzangu wa Mbozi na Ludewa wanalijua jambo hili kwa mahindi. Ukipanda bila mbolea ya kupandia, mche unatoka dhaifu na mizizi yake mifupi. Baadaye unaweza kumwaga mbolea ya kukuzia mifuko mitatu, majani yatakuwa ya kijani wiki mbili na jirani atakusifia, lakini gunzi litabaki la kidole. Mbolea ya kukuzia ni nzuri na inahitajika, ila inafanya kazi juu ya mmea ambao tayari una mizizi. Kambi ya darasa la saba ni mbolea ya kukuzia.

Piga hesabu mwenyewe. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayemaliza darasa la sita ameshakuwa na siku 1,164 za kukaa darasani. Kambi ya wiki sita, hata isipopumzika Jumapili, ni siku 42. Tunabishana kwa jazba juu ya siku 42 na kuziacha 1,164 zipite bila mtu kuuliza kilichotokea ndani yake.

Ndani ya dakika 40

Tuingie darasani tuone. Darasa la nne, Hisabati, mada ni kutoa. Mwalimu anaandika ubaoni 402 − 178. Anafanya mwenyewe, kwa sauti, haraka na kwa usahihi: mbili kutoa nane haiwezekani, tunakopa, hapa kuna sifuri, tunakwenda mbele tunakopa kule, inakuwa hivi, jibu 224. Anageuka. "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo mwalimu!" Anamwita mtoto mmoja mbele, yuleyule anayenyoosha kidole kila siku. Anapata. "Mpigieni makofi." Kisha maswali matano ubaoni, watoto wanaandika, kengele inalia, madaftari yanarundikwa mezani.

Ukiyafungua madaftari hayo unakutana na jibu moja limejirudia kwenye daftari baada ya daftari: 376.

Jibu hilo si la kubahatisha. Limetoka wapi? Mtoto amekwenda safu kwa safu na kila mahali ametoa namba ndogo kwenye namba kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nane kutoa mbili ni sita. Saba kutoa sifuri ni saba. Nne kutoa moja ni tatu. Ana kanuni yake na ameifuata kwa uaminifu. Kanuni hiyo ilimtumikia vizuri darasa la pili, pale namba ya juu ya kila safu ilipokuwa kubwa siku zote. Hajui kwamba ile nne ni mamia manne, na kwamba ile sifuri inashikilia nafasi ya makumi. Kwa hiyo hata ukimchapa, hata ukimpa maswali hamsini ya namna hiyo kwenye kambi, atakuandikia 376 mara hamsini, na kila mara kosa litakuwa limeota mizizi zaidi.

Sasa kipindi hichohicho kinaweza kwenda kwa namna nyingine, kwa mshahara uleule na chaki ileile. Mwalimu anaanza na swali dogo, 42 − 18, na anamtaka kila mtoto aandike jibu kwenye kipande cha boksi na kukiinua juu. Kwa kutupa macho mara moja ameshajua nani na nani wameandika 36 badala ya 24. Hajauliza "mmeelewa?", kwa sababu swali hilo halijawahi kumpa mwalimu yeyote taarifa yoyote. Kisha anatoa vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa kamba za mgomba, na mafungu kumi ya kumi yakafungwa pamoja kuwa mia. Anaweka mia nne na vijiti viwili mezani. "Nataka kutoa vijiti nane, ninavyo viwili. Nifanyeje?" Watoto wenyewe wanasema afungue. Hakuna fungu la kumi pembeni, basi inabidi afungue mia moja. Zimebaki mia tatu, mafungu kumi ya kumi. Anafungua fungu moja la kumi. Sasa wana mia tatu, makumi tisa na mamoja kumi na mbili. Kumi na mbili kutoa nane, nne. Tisa kutoa saba, mbili. Tatu kutoa moja, mbili. 224.

Baada ya hapo wanafanya swali jingine wote kwa pamoja, kisha jingine wawili wawili, kisha moja kila mtu peke yake. Lile la mwisho analisahihisha papo hapo akipita kati ya madawati. Wale saba au wanane ambao bado wana 376 anawajua kwa majina kabla kengele haijalia. Hao ndio wa kubaki nao dakika 20 jioni. Hapo ndipo ziada inapopata maana yake.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka msomaji aibebe. Vipindi vyote viwili vina andalio la somo, vyote vimejazwa kwenye shajara, na mkaguzi akipita ofisini ataona karatasi zimekamilika. Kilichotofautiana ni kama mwalimu alijua, kabla ya kutoka darasani, watoto wake wanafikiri nini.

Chanzo cha mbali zaidi: kusoma

Hisabati inaonekana kirahisi kwa sababu kosa lina namba. Kusoma kunajificha zaidi, na madhara yake ni makubwa zaidi.

Mtoto wa darasa la pili anaweza kukushangaza kwa kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Ukimwangalia kidole, kipo mstari wa tatu wakati mdomo uko mstari wa tano. Ameukariri ukurasa kwa kuitikia pamoja na wenzake. Mwandikie maneno mawili ambayo hayapo kwenye kitabu, tuseme "tama" na "mata", na atakuangalia usoni akisubiri umsaidie. Kiswahili ni rahisi mno kukisoma kwa mtu anayejua sauti ya kila herufi na namna silabi inavyojengwa, maana karibu kila kitu kinasomwa kama kilivyoandikwa. Lakini kwa asiyejua, kuimba "ma me mi mo mu" asubuhi hadi mchana ni wimbo kama nyimbo nyingine.

Mwaka 2013 upimaji wa kitaifa wa darasa la pili ulionyesha kuwa wanafunzi kama 8 tu kati ya 100 walisoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Tathmini za Uwezo, mpango unaopima watoto kusoma na kuhesabu, zilizofanywa majumbani miaka hiyohiyo zilikuta kwamba ni watoto kama 3 kati ya 10 wa darasa la tatu waliomudu hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Ndiyo maana mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipangwa upya ili kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu, zichukue sehemu kubwa ya muda. Mkoa wa Iringa pia ulikuwa ndani ya mradi wa Tusome Pamoja kuanzia 2016, uliokuja na vitabu vya hadithi na mafunzo kwa walimu wa madarasa ya chini.

Huku kwetu kuna jambo la kuongeza. Mtoto aliyelelewa na bibi huko Ileje, Makete au kwenye vitongoji vya Mbeya Vijijini anaweza kufika darasa la kwanza akiwa anaongea Kindali, Kikinga au Kisafwa, na Kiswahili chake ni cha dukani. Huyo anahitaji wiki nyingi za kusikia na kusema Kiswahili kabla ya kukisoma. Mwalimu anayejua lugha ya eneo anamsaidia kwa sentensi mbili. Mwalimu mgeni anaweza kumwona mzito, na neno hilo likishamkaa mtoto kichwani ni kazi kulitoa.

Asiyesoma vizuri darasa la tatu amefungiwa mlango wa Sayansi, wa Maarifa ya Jamii na hata wa Hisabati, maana maswali ya mafumbo yanasomwa kwanza. Akisukumwa hadi sekondari anakuta masomo yamegeuka Kiingereza, somo ambalo pamoja na Hisabati limekuwa likiburuta mkia kwenye matokeo ya darasa la saba. Hapo tunamlaumu kwa uvivu.

Kinachonisikitisha zaidi ni namna shule nyingi zinavyopanga walimu. Si ajabu kukuta darasa la saba lenye watoto 40 lina walimu wazoefu watatu au wanne wa masomo, na darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia limeachiwa mwalimu mmoja, pengine anayejitolea. Shule inafanya hivyo kwa sababu inapimwa kwa darasa la saba. Naielewa sababu, lakini ni kupanga kushindwa. Mwalimu bora wa kufundisha kusoma anatakiwa akae darasa la kwanza, na aheshimiwe kwa hilo kama anavyoheshimiwa yule wa darasa la mtihani.

Yanayosemwa mitaani

"Shida ni majengo na vitabu." Vinahitajika, hilo halina ubishi. Nani atafundisha chini ya mti kwenye baridi ya Julai ya Makete? Lakini kuna utafiti mkubwa uliofanyika hapahapa Tanzania mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350, ukachapishwa 2019, na matokeo yake yanafaa kujulikana na kila mjumbe wa kamati ya shule. Baadhi ya shule zilipewa fedha za ruzuku za nyongeza peke yake. Nyingine walimu wake waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayefaulu jaribio la kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Shule zilizopata fedha peke yake hazikuonyesha tofauti katika alama za watoto. Zilizopata vyote viwili zilipanda waziwazi, kuliko kujumlisha faida za kila kimoja kikiwa peke yake. Vitu na ufundishaji vinabebana. Kitabu kilichofungiwa kabatini ofisini ili kisichakae ni sawa na kitabu ambacho hakikununuliwa.

"Walimu ni watoro." Hapa takwimu zinasema jambo la ajabu kidogo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 katika shule za msingi nchini ulikuta kwamba tatizo kubwa halikuwa walimu kukosekana shuleni, bali kuwepo shuleni na kutokuwepo darasani. Mtoto alikuwa anafundishwa chini ya nusu ya muda ulioandikwa kwenye ratiba. Mwalimu yupo ofisini anajaza taarifa, anasahihisha, yupo kwenye kikao, amepokea mgeni kutoka halmashauri, au amechoka. Kabla ya kuongeza saa za jioni, shule inaweza kudai kwanza saa za asubuhi ambazo tayari ni zake. Hizo hazihitaji mchango wa mzazi hata shilingi moja.

"Madarasa yamejaa, haiwezekani kufundisha." Kiwango cha kitaifa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ianze 2016 uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka kuliko idadi ya walimu. Darasa la watoto 90 ni mzigo mzito na mwalimu anayelalamika ana haki. Serikali inapaswa kuajiri. Ila hata ndani ya mzigo huo kuna namna nzuri na mbaya ya kuubeba. Vipande vya boksi vinavyoinuliwa juu vinafaa zaidi darasa likiwa kubwa, kwa sababu ndiko mwalimu asikoweza kumfikia kila mmoja.

"Wetu wanafundishika kwa fimbo tu." Mtoto anayeogopa hanyooshi kidole akiwa hajui, na mwalimu anayeogopwa hapati kujua nani hajaelewa. Fimbo inamnyima mwalimu taarifa anayoihitaji kuliko zote. Sina la kuongeza hapo.

"Watoto wa vijijini wana akili nzito." Hapana. Lakini wapo wanaokuja na njaa, na hili tusilifiche. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano wa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Uji wa saa nne shuleni si anasa wala siasa, ni sehemu ya ufundishaji. Nikipewa magunia ya mahindi ya kambi ya darasa la saba, ningeyapeleka kwenye uji wa darasa la kwanza hadi la tatu bila kusita.

Nani anabadilisha kipindi?

Mwalimu habadiliki kwa kuambiwa abadilike. Semina ya siku mbili mjini, yenye posho na chakula cha mchana, inamwacha na daftari lililojaa maneno, na Jumatatu anarudi kufundisha alivyofundishwa yeye. Kinachobadilisha ni mtu kukaa naye darasani, akaona, wakazungumza, akajaribu tena, akaonwa tena.

Kenya walijaribu jambo hili kwa nchi nzima kuanzia 2015 katika mradi wao wa Tusome kwa madarasa ya mwanzo: kila mtoto kitabu chake, kila mwalimu kitabu cha mwongozo kinachoonyesha somo hatua kwa hatua, na maafisa wanaozunguka shule kukaa darasani na kumsaidia mwalimu. Usomaji wa watoto ulipanda. Siri haikuwa kitabu peke yake wala afisa peke yake. Ni kwamba vyote vilielekea kwenye kipindi kilekile.

Sisi vyombo vya kufanyia kazi hiyo tunavyo. Kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo wazo lake ni walimu wa shule moja kukutana shuleni kwao na kujadili somo gumu. Kuna Afisa Elimu Kata, na wengi walipewa pikipiki ili wafike shuleni. Kuna wathibiti ubora wa shule, ambao jina lao lilibadilishwa kutoka wakaguzi ili kazi iwe kusaidia zaidi kuliko kukamata. Zaidi ya wote yupo mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu anayetaka kuinua shule yake aanze na jambo moja. Aingie darasa moja kwa siku, akae dawati la nyuma, na awatazame watoto. Ziara nyingi za ukaguzi zinamtazama mwalimu: amevaa vipi, andalio lipo, zana ziko wapi. Ukiwatazama watoto unaona mengine kabisa. Wangapi wamefungua daftari? Yule wa kona ya dirisha ameandika nini? Dakika ngapi zilipita katika kunakili kutoka ubaoni? Baada ya kipindi, chini ya mti, amweleze mwalimu jambo moja tu la kujaribu, si kumi. "Kesho usiulize mmeelewa, wape swali moja waandike wote." Baada ya wiki mbili arudi aone hilohilo. Mwalimu akiambiwa makosa kumi siku moja anaondoka amejeruhiwa na hajui aanzie wapi.

Na kikao cha MEWAKA kisiwe cha kusomeana waraka. Walimu watano wamwage mezani madaftari ya darasa la nne, watafute jibu la 376, wajiulize limetoka wapi na kila mmoja angelifundishaje. Saa moja ya namna hiyo ina faida kuliko wiki ya nadharia. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri na mtoto kutenda mwenyewe, lakini mtaala hauingii darasani kwa miguu yake. Unaingizwa na walimu wanaokaa mezani namna hii.

Itachukua muda. Shule ikiweka nguvu darasa la kwanza mwaka huu, matunda yake kamili kwenye mtihani wa mwisho yataonekana watoto hao watakapofika huko, na mwalimu mkuu huenda atakuwa ameshahamishwa. Ndiyo maana inahitaji wazazi wasiohamishwa.

Mzazi hahitaji kujua Hisabati ili asaidie. Afungue daftari la mtoto na aangalie mambo mawili: tarehe ya mwisho ya kazi, na kama kosa lililopigwa X nyekundu lilirudiwa kusahihishwa au liliachwa likapita. Amwombe mtoto amsomee maneno matano kutoka kwenye mfuko wa sukari au tangazo la ukutani, mahali ambapo hajakariri. Kisha kwenye kikao cha wazazi aulize yale yasiyoulizwa: nani anafundisha darasa la kwanza na kwa nini yeye, watoto wangapi wa darasa la tatu hawawezi kusoma aya moja leo, mwalimu mkuu ameingia madarasa mangapi mwezi huu, vitabu viko mikononi mwa watoto au kabatini. Maswali hayo yaulizwe kwa heshima, maana mwalimu naye ana yake na mengi ni ya haki. Kikao kizuri cha kuyauliza ni cha Januari, kabla mikondo haijagawanywa na ratiba haijabandikwa ukutani, hata kama mvua imekazana na shamba linasubiri palizi.